KOTI LA KEYA LINA MWENYEWE

Mwaka wa 1964 bunge la Ujerumani ya Magharibi lilikata shauri kuwalipa deni la mishahara askari Waafrika waliopigana upande wa Wajerumani katika Vita Vikuu vya Kwanza. Miaka 46 ilikuwa imepita tangu Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aweke silaha chini huko Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala, nchini Zambia. Jenerali mwenyewe alifariki Machi mwaka huo huo. Charles Miller, katika kitabu chake Battle for the Bundu kilichotoka mwaka wa 1974, anasimulia jinsi wazee wapatao 350 walivyokusanyika mjini Mwanza kudai haki yao. Wachache tu walikuwa na hati walizoandikiwa mwaka wa 1918. Wengine walikuja na vipande vya sare zao za zamani kuwa ndio ushahidi. Wengine tena hawakuwa na chochote. Ofisa wa benki aliyekuja na fedha hizo akakuna kichwa, kisha akamkabidhi kila mzee ufagio na kumtolea amri za gwaride kwa Kijerumani. Miller asema hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Kisa hiki hupendwa kwa sababu ya ufagio, na kwa kweli kinachekesha. Lakini hebu, ndugu msomaji, tuwatazame wale waliokuja na vipande vya nguo. Mtu ametunza kitambaa cha kaki kwa miaka 46, katika nchi ya nondo, mchwa na masika, tena katika nyumba ambamo kila nguo ina kazi. Bila shaka kilipita mbele ya wake, watoto na wajukuu waliotaka kukifanya kiraka. Hakikutupwa kwa kuwa mwenyewe alijua kwamba kitambaa hicho ndicho pekee kilichoweza kusema: nilikuwako.

Ulaya na Amerika wako watu wengi ambao mapumziko yao yote huishia katika kutafuta nguo za namna hiyo. Hawa ni wakusanyaji wa sare za kale za jeshi. Wapo wanaotaka sare yoyote ili mradi ni ya kale, kama mwingine anavyokusanya stempu. Lakini miongoni mwao wako wachaguzi wasioridhika na koti zuri lisilo na historia. Wao hutaka koti ambalo mwenyewe anajulikana: jina lake, nambari yake, kikosi chake, alikopigana, na kama alirudi nyumbani au hakurudi. Kwao koti lililochakaa lenye jina hupita koti jipya lisilo na jina, na bei mnadani husema hivyo hivyo.

Jina hilo hupatikanaje? Mara nyingi nguo yenyewe hutoboa siri. Ofisa wa Kiingereza alijishonea sare kwa fundi wake kwa fedha zake, na fundi akabandika ndani ya mfuko wa koti kitambaa kidogo alichoandika kwa wino jina la mteja na tarehe. Mwanajeshi wa Kimarekani wa vita vya pili alipiga chapa nguo zake ili zisipotee kwa dobi: herufi ya kwanza ya jina la ukoo pamoja na tarakimu nne za mwisho za nambari yake ya jeshi. Mwingereza wa cheo cha chini alitia nambari yake kwenye mkanda, buti na mfuko. Mkusanyaji akishaona alama hizo huziandika, halafu huingia katika majalada ya serikali kumtafuta mwenyewe.

Na majalada hayo hayako salama kama watu wanavyodhani. Mnamo Septemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliteketeza mjini London sehemu kubwa ya faili za askari wa Kiingereza waliopigana vita vya kwanza. Tarehe 12 Julai 1973 moto ulizuka katika ghala la kumbukumbu huko St. Louis, Marekani, ukala faili za wanajeshi kati ya milioni 16 na milioni 18. Kwa baadhi ya watu hao, koti lililosahauliwa darini ndilo faili iliyobaki.

Palipo na bei, walaghai hawakosi. Wako wanaochukua koti halali la kale wakaliandika jina la marehemu fulani mwenye sifa. Ndiyo sababu mkusanyaji mzoefu hupenyeza taa ya miali ya urujuani ndani ya mishono, kwa kuwa nyuzi za siku hizi aghalabu hung'aa chini ya taa hiyo na zile za pamba za zamani hazing'ai. Hata hivyo, koti la kweli lililowahi kufuliwa kwa sabuni ya unga ya kisasa nalo hung'aa, kwa hiyo taa peke yake haitoshi kuhukumu.

KEYA

Sasa tuje kwetu. Kikosi cha King's African Rifles, ambacho wazee wetu walikifupisha kuwa Keya, kiliundwa mwaka wa 1902 kwa kuunganisha vikosi vilivyokuwako Uganda, Afrika Mashariki na Afrika ya Kati. Kufikia mwisho wa vita vya kwanza kilikuwa na askari Waafrika zaidi ya 30,000. Katika vita vya pili Kenya peke yake ilitoa vijana zaidi ya 90,000 kwa jeshi, wakapelekwa Abisinia, Madagaska na Burma. Waliokwenda Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walivaa beji ya kichwa cha kifaru. Sare za Keya zilibadilika kadiri ya miaka, lakini picha za zamani zatuonyesha kaptura ya kaki, fulana nzito ya buluu, vitambaa virefu vilivyozungushwa miguuni toka kifundo hadi gotini, na tarbushi nyekundu siku ya gwaride. Kwa miaka mingi askari huyo alikwenda miguu mitupu au kwa makubadhi.

Tafuta leo sare ya askari mmoja wa Keya wa mwaka wa 1916 ambaye jina lake lajulikana, uone shida yake. Koti la kapteni wake huenda liko katika kasha la kioo mjini London, na kitambaa cha fundi mfukoni. La askari halipo, na sababu si uzembe wa jamaa zake. Kwanza, sare ya askari ilikuwa mali ya serikali, ilitoka stoo na mara nyingi ilitakiwa irudi stoo. Hakuna fundi aliyemwandikia jina mfukoni. Pili, kile kilichobaki mikononi mwake kilikuwa nguo, na nguo ilikuwa adimu. Kaptura ilivaliwa shambani mpaka ikaisha. Vifungo vya shaba vilihamia kwenye koti jingine.

Kabuti la jeshi, lile koti zito la sufu lifikalo magotini, lilibahatika kupata kazi ya pili. Wakazi wa Nairobi na Nakuru wenye umri wanawakumbuka walinzi wa usiku waliojifunika makabuti hayo, wameketi kando ya jiko la makaa mbele ya duka. Baadhi yao walikuwa askari kweli. Baadhi waliyanunua katika mitumba, na kabuti la Mwingereza asiyejulikana likamkinga baridi Mkamba au Mturkana ambaye hakupata kuona bunduki ya vita. Mkusanyaji angelia kwa kuona vile. Mimi siwezi kulaumu. Nguo imeshonwa ivaliwe.

NISHANI

Kilichodumu kuliko nguo ni nishani, maana chuma hakiliwi na nondo. Na hapa kuna jambo ambalo jamaa wengi hawalijui. Nishani za Kiingereza za vita vya kwanza, ile ya fedha na ile ya ushindi yenye sanamu ya malaika wa kike, zimechorwa maandishi madogo katika ukingo wake: nambari ya askari, cheo, jina na kikosi. Ishike kama unavyoshika shilingi ukitaka kuitazama ubavu, uizungushe polepole karibu na dirisha. Babu yako yumo humo. Tena zile nishani za Afrika zilizoanzishwa mwaka wa 1902 kwa vita vya makoloni nazo zina majina.

Lakini nyota za vita vya pili, kama ile ya Burma, zilitolewa na Waingereza bila jina lolote. Serikali yao ilibana matumizi. India, Australia na Afrika Kusini ziliamua kuwaandikia watu wao majina. Askari wetu wa Keya, pamoja na Mwingereza wa kawaida, waliachwa na chuma kitupu. Kwa hiyo nyota ya Burma ikitenganishwa na mwenyewe haiwezi kurudi. Leo itauzwa na muuza vyuma chakavu, kesho itakuwa Ulaya katika sahani ya nyota nyingine mia zinazofanana nayo.

Kwa upande wa makaburi mambo yaligeuka kinyume. Waliokufa katika vita vya pili bila kaburi kujulikana wameandikwa majina katika ukumbusho ulioko kwenye makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, Nairobi. Miongoni mwao wako askari wa mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, ilipopigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Watu karibu 1,300 walikufa siku hiyo. Yumo pia katika ukumbusho huo Sajini Nigel Leakey, aliyepata Msalaba wa Viktoria baada ya kufa kwake Abisinia mwaka wa 1941.

Waliokufa katika vita vya kwanza hawakupata hata hilo. Walisimamishiwa sanamu. Ile ya Nairobi, yenye watu watatu, iko Kenyatta Avenue tangu mwaka wa 1928, na Mombasa na Dar es Salaam nako ziko zao. Ni sanamu nzuri. Mavazi yamechongwa kwa uangalifu, mpaka mikunjo ya kaptura. Jina hakuna. Wapagazi ndio waliosahauliwa zaidi, wale wa Carrier Corps ambao kambi zao zilitupatia Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Waliokufa upande wa Waingereza wanakadiriwa kuwa karibu 95,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Mishahara ambayo marehemu hao hawakuichukua ilibishaniwa na wakubwa kwa miaka, na jamaa zao hawakuiona. Hapo ndipo mtu anapofahamu kwa nini wazee wa Mwanza walishikilia vipande vyao vya kaki.

Mwaka wa 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti ikakiri jambo hilo na kuomba radhi. Ilisema kwamba marehemu kati ya 45,000 na 54,000 wa vita vya kwanza, hasa Wahindi na Waafrika, hawakupewa kumbukumbu sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hawakutajwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa.

UPANDE WA PILI

Isifikiriwe kwamba kila sare iliyopata jina huleta furaha. Kati ya nishani za Afrika nilizozitaja, iko yenye kibati kilichoandikwa "Nandi 1905-06". Wakusanyaji huitafuta sana, kwa kuwa waliopewa ni wachache. Ukingoni huwa na jina la askari, na mara nyingi askari huyo ni Mwafrika. Ni katika vita hivyo ambapo Orkoiyot wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905 na Richard Meinertzhagen, ofisa wa Keya, walipokutana kwa jina la mapatano. Meinertzhagen aliondoka na fimbo za uongozi za Koitalel zikakaa kwao Uingereza kwa karne nzima, mpaka zilipoletwa Kenya mwaka wa 2006. Wakati huo nishani za vita vile vile zilikuwa zikinunuliwa na kuuzwa kama kawaida, na hakuna aliyeshangaa.

Kibati cha mwisho kutolewa katika nishani hiyo kiliandikwa "Kenya". Hicho ni cha miaka ya Hali ya Hatari, kwa waliopigana na Mau Mau. Waruhiu Itote, aliyejulikana msituni kama Jenerali China, mwenyewe alikuwa amevaa sare ya Keya huko Burma miaka michache tu kabla. Basi huenda katika kijiji kimoja cha Nyeri nyumba hii ina nishani ya kibati hicho ndani ya sanduku la bati, na nyumba ya pili ina picha ya kijana ambaye hakurudi kutoka msituni. Wenye nishani hawaionyeshi. Sidhani ni busara kuwalazimisha. Lakini kuiuza kwa mgeni ili aibu iondoke nayo ni hasara, kwa kuwa jina lililo ukingoni ni sehemu ya habari za nchi hii, tamu na chungu.

Na wanaouza wapo. Sheria haiwazuii sana. Sheria ya Makavazi na Urithi wa Taifa ya mwaka wa 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka wa 1895. Keya iliundwa mwaka wa 1902! Yaani kabuti, tarbushi na nishani za kikosi hicho zote zimezaliwa zikiwa zimechelewa, isipokuwa waziri achague kitu maalumu akitangaze kuwa kinalindwa. Sina ugomvi na mkusanyaji wa ng'ambo anayelipa fedha zake na kutunza kitu vizuri. Wako waliofufua majina ya askari ambao hata wajukuu walikuwa wamewasahau. Ubaya uko kwa dalali anayetenganisha. Hununua sanduku zima, kisha huuza nishani mahali hapa, beji mahali pale, picha kwingine, kwa maana vipande vikiuzwa kimoja kimoja huzidi bei ya sanduku. Nyota ya Burma isiyo na jina ilikuwa ikitambulikana kwa sababu tu imelala juu ya hati ya kuachishwa jeshi. Akishavitenga, kazi ya wazee ya miaka sabini imekwisha kwa asubuhi moja.

Kwa hiyo mwenye sanduku la babu na afanye haya, wala hayana gharama. Usisugue nishani kwa jivu au dawa ya kung'arisha. Maandishi ya ukingoni ni mepesi na hufutika. Usifue koti kwa sabuni. Nondo wakiwamo, litie ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, uliweke katika friza kwa wiki mbili. Chukua utepe wa pamba mweupe, andika jina la mwenyewe, nambari na kikosi kwa penseli, kisha ushonee kwenye bitana kwa nyuzi mbili tatu. Ndivyo wanavyofanya makavazi yenye heshima. Piga picha za vitu vyote vikiwa pamoja. Wala usilivae koti barabarani kwa mzaha, maana sheria ya Kenya inamkataza raia kuvaa sare ya jeshi bila idhini, na polisi hatauliza kama ni ya mwaka wa 1944.

Baada ya ripoti ile ya 2021, Tume ya Makaburi ilianza kushirikiana na Majeshi ya Ulinzi ya Kenya kupekua majalada ya zamani ya Keya yaliyobaki Nairobi, na maelfu ya majina yameshapatikana. Anayetaka kumtafuta wa kwao asiende na jina la nyumbani pekee. Makarani wa kuandikisha askari waliandika walivyosikia: arap ikawa jina, jina la kijiji likawa la baba, na vijana wengi walijiita Juma au Ali siku ile kwa sababu zao wenyewe. Muulize bibi, angali yupo, babu aliitwaje jeshini.